Nusaiba Aliyewekwa Ndani Mara Mbili

Siku shule zilipofungwa, Nusaiba Sadallah alirusha daftari lake la Hisabati juu mpaka likanasa kwenye mwarobaini, na darasa la saba B zima likacheka mpaka Mwalimu Gozbert naye akashindwa kujikaza. Ilikuwa Jumanne, Machi ya 2020, ile Machi ambayo hakuna asiyeikumbuka. Corona imeingia, watoto wote nyumbani, siku thelathini. Yaani siku thelathini bila bakora, bila kubeba dumu la maji ya kumwagilia maua ya shule, bila lile somo la Uraia linalolazaga watu. Kwa mtoto wa Madale, pembeni ya Dar, wa miaka kumi na tatu hiyo ni zawadi, asikudanganye mtu.

Walishuka kilima pamoja na Recho, shoga yake. Recho ni mtoto wa Mzee Ferdinand, Mmakonde wa Masasi, fundi wa kuchonga vinyago. Nyumba ya kina Recho na ya kina Nusaiba zinatazamana, katikati kuna mfereji wa maji ya mvua tu, ukiruka umefika. Njiani wakawa wanapanga likizo yao kama mabosi.

"Kesho nakuja saa mbili," Recho akasema. "Nakuja na simu ya dada, tunajirekodi tukicheza singeli."

"Saa mbili we utakuwa bado umelala unakoroma."

"Mie sikoromagi. Napumua kwa nguvu."

"Mpaka kuku wenu wanahama, hiyo ni pumzi gani?"

Basi, wakaagana hivyo, kwa kucheka. Ile kesho yao ndo haikuja.

Ishu ilikuwa hivi. Nusaiba alikuwa ameshavunja ungo toka Januari, na kwao, Wazaramo wa Kisarawe waliohamia Madale, mtoto wa kike akishakuwa hivyo anawekwa ndani. Anaitwa mwali. Anakaa chumbani haonwi na watu, anafundwa na somo wake, yaani kungwi, mwisho anatolewa kwa ngoma, mashangazi wanakuja, khanga zinatandikwa chini, mtoto anatoka kama bibi harusi. Bibi yake mzaa baba, Bi Tabu, alikuwa hataki utani kabisa kwenye hilo. Lakini mama yake, Farida, anayeuza madera na khanga soko la Tegeta, alikuwa amekomaa toka Januari: mtoto yuko la saba, ana mtihani wa taifa, akimaliza ndo awekwe. Bi Tabu akanuna wiki mbili, anakula huku amegeukia ukuta. Farida hakutetereka.

Sasa Jumanne ile jioni Bi Tabu akatoka barazani, sura inang'aa kama kapakwa mafuta.

"Farida mwanangu. Si ulisema shule? Haya, shule imejifunga yenyewe. Unasemaje sasa?"

Nusaiba alikuwa anaosha vyombo hapo nje. Akamtazama mama yake, akijua kabisa jibu linalokuja. Maana Farida akishasema hapana, hata baba anaondokaga kwenda kupiga stori na bajaji yake.

Ila siku hiyo Farida alikuwa ametoka sokoni, na sokoni watu walikuwa wanaogopana. Mteja akikohoa, meza tatu zinahama. Farida akamtazama binti yake, akapiga hesabu za kimama: mtoto akiwekwa ndani hatoki, hashikwi mkono, hachezi na watoto wa watu. Corona itampatia wapi?

"Mwezi mmoja, mama," akasema. "Shule ikifunguliwa anatoka."

"Mwezi unatosha sana. Mie niliwekwa mwaka na nusu, mbona nipo hapa nakusumbua."

Ndo ikawa hivyo. Wengine wote Dar walifungiwa na corona, na tena wala hawakufungiwa sana, watu walikuwa wanatoka, wanaenda sokoni, wanapanda magari. Nusaiba alifungiwa na corona na mila kwa pamoja, na hivyo vitu viwili vilielewana balaa.

Jumatano alfajiri akaingizwa chumba cha nyuma. Kilikuwa stoo zamani, bado kuna mifuko miwili ya saruji iliyoganda toka nyumba inajengwa, imekuwa mawe. Dirisha moja la ubavuni, lina nondo na wavu wa mbu, na Bi Tabu akaligongelea kitenge kwa misumari ili jua lisimguse mwali, atoke mweupe. Masharti akapewa yote. Asionwe na mwanaume, hata baba. Chooni anapelekwa na mtu, kafunikwa khanga gubigubi. Asiongee na watoto wa nje. Asipaze sauti. Na moja zaidi, ambalo Bi Tabu alilisema mwishoni kama kitu kidogo tu: mwali haambiwi msiba. Mtu akifa, mwali asijue, moyo wake usiingie giza, kwa sababu giza hilo atalibeba mpaka kwa mumewe.

Wiki ya kwanza ilikuwa raha, tusiseme uongo. Anaogeshwa, anasuguliwa msio wa manukato mwili mzima mpaka ananukia chumba kizima. Anakula mapaja ya kuku ambayo zamani yalikuwa ya baba. Somo wake, mama mmoja mnene wa mtaa wa Wazo mwenye vichekesho, anakuja jioni kumfunda, akichoka anamsimulia umbea wa mtaa. Baba yake, Sadallah, akawa anapita nyuma ya mlango kila asubuhi kabla hajawasha bajaji.

"Mwali, umeamkaje huko ikulu?"

"Salama, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Leo umenenepa kilo ngapi?"

"Baba bwana."

"Usizidi sana, siku ya kutoka tutavunja ukuta."

Na Recho hakukata tamaa. Siku ya tano tu, Nusaiba akasikia nje ya dirisha mtu anaita, "Kurukuru, kurukuru, we kuku mjinga, umeingia kwa watu." Kina Recho walikuwa na kuku wengi, kwa hiyo Bi Tabu barazani hakushtuka. Recho akainama chini ya dirisha, akaendelea kumsema kuku ambaye hayupo.

"We kuku, jana redioni walifundisha asilimia. Ishirini asilimia ya mia tatu ni ngapi? Ukijua kwaruza."

Mwali haruhusiwi kuongea na mtoto wa nje, lakini kukwaruza hajakatazwa. Nusaiba akapenyeza mkono nyuma ya kitenge, akapitisha kucha kwenye wavu. Mara sita. Kila mkwaruzo kumi.

"Kuku una akili wewe," Recho akasema, na Nusaiba akajiziba mdomo kwa mto asicheke.

Ikawa ndo shule yao. Kila siku saa nne, kuku kapotea. Mkwaruzo mmoja ndiyo, miwili hapana. Recho anasoma maswali, anasimulia nani kanyolewa, nani kapigwa, dada yake kapata mchumba wa WhatsApp. Nusaiba alikuwa anaamka akisubiri saa nne kama mgonjwa anavyosubiri dawa.

Mwezi ukaisha. Tangazo likaja kwamba shule hazifunguliwi, mpaka itakapotangazwa tena. Farida akasema mtoto amekaa vya kutosha, atolewe hivyo hivyo. Bi Tabu akakubali, akaanza kupanga ngoma. Hapo ndo Mjumbe Mwishehe akaja, kavaa barakoa ya kitenge, kasimama kule kwenye mfereji.

"Shikamoo, Bi Tabu."

"Marahaba. Mbona unasimama huko kama tuna mbwa?"

"Nimesikia mna shughuli."

"Tunamtoa mwali wetu."

"Watu wangapi?"

"Mwishehe, wewe ulipotoka jando tulihesabu watu?"

"Bibi, mikusanyiko imekatazwa. Ngoma ikilia hapa, mie ndo naitwa."

"Sasa tumtoe lini?"

"Corona ikiisha."

Nyumba yao haikuwa na dari. Juu ya kuta kuna uwazi, maneno yanapita humo kama moshi. Nusaiba alikuwa amesimama juu ya mfuko wa saruji anasikiliza, na hilo la corona ikiisha likamfanya ashuke, akae chini. Kwa sababu hakuna mtu, redioni wala mtaani, aliyekuwa anajua corona inaisha lini.

Jioni Farida akajaribu. "Mama, tumwogeshe, tumvishe gauni lake, atoke kimya kimya, yaishe."

"Maiti ndo anatolewa kimya kimya," Bi Tabu akasema. "Mwali bila ngoma hajatoka. Hata akiwa barabarani, hajatoka. Unataka mwanao atembee hivyo maisha yake yote?"

Farida angeweza kubisha. Lakini wiki hiyo mwenzake wa meza ya pili sokoni, mama aliyekuwa anauza mitandio, alianza na mafua Jumatatu na Ijumaa wakamzika, watu kumi tu. Farida alishikana naye mikono Jumapili. Akafikiria kile chumba cha nyuma, kitenge dirishani, mlango umefungwa. Akasema haya, akae kidogo.

Nusaiba alisikia ule ubishi wote kutoka juu ya saruji, na alimsikia mama yake anaposhindwa. Kuhusu mama wa mitandio hakusikia, kwa sababu Farida alipofika hapo alishusha sauti na Bi Tabu akasema, "Shh, mtoto."

Na ile shh ndo ilikuja kumharibu. Si giza, si joto, ingawa chumba kile Aprili ni kama ndani ya jiko. Ni shh. Watu walikuwa wanakuja barazani, wanaanza, "Jamani, mmesikia kwamba..." halafu shh. "Wamemzika saa ngapi?" Shh. "Kaacha watoto wadogo wa..." Shh, mwali. Wakati huo misiba ilikuwa mingi, na yeye alikuwa anapata nusu nusu ya kila mmoja. Alikuwa anajua kwamba mtu kafa. Hajui nani.

We fikiria hiyo. Ukiambiwa fulani kafa, unalia, unajua ni fulani. Usipoambiwa, ni kila mtu.

Akaanza kuwahesabu kwa masikio. Asubuhi, adhana: muadhini yupo. Bajaji inawaka: baba yupo. Yule mama wa maandazi anayepita akiita "moto, moto": yupo. Nyundo ya Mzee Ferdinand ikigonga patasi, ko, ko, ko: yupo. Saa nne, kuku mjinga: Recho yupo. Mama ndo mgumu, maana anaondoka alfajiri na hana kelele. Kwa hiyo toka saa kumi jioni Nusaiba anaganda, hajibu mtu, anasikiliza ndala za mama yake kwenye kokoto. Mama akichelewa nusu saa, mtoto anakuwa ameshamzika kichwani, ameshagawa madera yake, ameshaanza kuishi na mama wa kambo. Ndala zikilia, analala chali kwenye mkeka jasho linamtoka.

Ramadhani ikaingia, na Ramadhani hakuna ngoma, hata bila corona. Mwezi mwingine huo.

Kumi la kwanza, asubuhi moja, adhana ikaadhiniwa na sauti nyingine. Kijana. Nusaiba akasubiri kesho yake, na kesho kutwa. Kijana yule yule. Akamuuliza somo wake, "Yule mzee wa adhana yuko wapi?" Somo, ambaye alikuwa hakosagi jibu kwa kitu chochote duniani, akasema, "Geuka nikusugue mgongo."

Siku chache mbele, "moto, moto" haikupita. Labda kwa sababu ya mfungo, mchana nani ananunua maandazi. Labda. Hakuna wa kumuuliza.

Ndo hapo alianza mambo ya nyusi. Hakupanga. Alikuwa anasikiliza, vidole vinatafuta kitu cha kufanya, vikakuta unywele, vikavuta. Kunauma kidogo, halafu sekunde mbili kichwa kinatulia. Akavuta mwingine. Ikawa kila akisikiliza anavuta. Nyusi zikaisha, akahamia kwenye kope. Kuku wa baba hampiti tena kooni. Anatafuna, anatafuna, anatema kwenye kona nyuma ya saruji, siafu wakajua njia. Somo akaona uso akasema kwa kucheka, "Mwali wetu kajitinda nyusi mwenyewe, ana haraka na mume." Akaenda zake.

Farida aliona Alhamisi moja, alipoingia na futari na taa ya simu.

"Nusaiba. Nyusi zako ziko wapi?"

"Zimetoka."

"Zimetoka zenyewe?"

Farida akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku. Mdomo wake ukafunguka kama anataka kusema jambo refu, halafu akasema, "Kula uji upoe," ambayo hata haina maana. Alipotoka, Nusaiba alimsikia amesimama nyuma ya mlango muda mrefu, haendi.

Halafu katikati ya mwezi kukawa na kitu nje. Magari mawili. Miguu mingi. Mwanamke analia kwa sauti, kisha kama ameingizwa ndani na mlango ukafungwa. Barazani kwao watu wakaongea kwa minong'ono hata shh haikuhitajika. Na siku ile saa nne, kuku hakupotea.

Wala kesho yake. Na nyundo haigongi.

Nusaiba akakaa chini ya dirisha siku tatu. Akakwaruza wavu mwenyewe, mara moja, mara moja, mara moja, labda Recho yupo hapo na ameishiwa maneno. Hamna. Siku ya nne, baba alipopita asubuhi, alimuwahi.

"Baba, Recho yupo?"

Akasikia funguo za bajaji zikichezewa. Baba yake alikuwa mtu wa jibu la papo hapo, ukimuuliza saa anakwambia anauza.

"Yupo," akasema. "Atakuwa wapi."

Hakusema ikulu, hakusema kilo. Bajaji ikawaka, ikashuka. Na hapo Nusaiba akawa na uhakika kwamba Recho amekufa.

Hakulia, maana angelia wangemuuliza analilia nini, na yeye hajaambiwa kitu. Idi ilifika, watoto wakapita nje na filimbi na puto, Bi Tabu akamvisha gauni jipya akae nalo humo humo kwenye mkeka. Akala kijiko kimoja cha pilau. Kuanzia hapo alipunguza kusikiliza. Alikuwa ameamua wote wamekufa, na wanaoingia humo chumbani ni kama wanaigiza. Ukimwita anaitika. Ukimwambia geuka anageuka. Bi Tabu aliwaambia majirani kwa fahari kabisa kwamba mwali wake ametulia, hajawahi kuona mwali mtulivu hivyo, na kwa kweli alimaanisha. Usiku alikuwa anamwombea dua.

Juni ikatangazwa: shule zinafunguliwa tarehe ishirini na tisa.

"Jumatatu anaenda," Farida akasema.

"Mashangazi wanakuja Sabasaba," Bi Tabu akasema. "Watu wameanza kukusanyika sasa, Mwishehe hatasema kitu. Siku nane tu, Farida. Umengoja miezi mitatu, siku nane zinakushinda?"

"Mama, mtoto hana nyusi."

"Zitaota."

"Hali chakula. Haongei. Nikimwuliza kitu ananitazama kama mie ni ukuta. Mwezi mmoja tulisema."

"Sadallah, mwambie mkeo."

Sadallah akatazama funguo za bajaji mkononi mwake. Safari hii hakuondoka. "Mama," akasema, "mie hata sura ya mwanangu nimeisahau. Aende shule."

Bi Tabu hakupiga kelele. Alikaa kwenye kigoda chake, akajifunika khanga kichwani, akasema ngoma isipopigwa asiulizwe yeye mtoto huyu atakuwa mtu wa aina gani.

Jumatatu Farida hakwenda sokoni. Alfajiri alipiga pasi sketi ya bluu, akaachia upindo wa chini, akachukua na soksi mpya. Akang'oa kitenge dirishani, misumari ikaruka. Akafungua mlango wote mpaka ukagonga ukuta.

"Twende mama, utachelewa paredi."

Nusaiba alikuwa kwenye mkeka, mgongo ukutani, kiganja juu ya macho kwa sababu ya mwanga. Alisubiri mlango huo siku mia na zaidi. Akautazama.

"Siendi."

"Shule imefunguliwa. Leo. Wenzako wote wapo."

"Nani?"

"Wote. Darasa lenu lote."

"Nyie mnasemaga wote wapo." Sauti yake ilikuwa ndogo, imekauka, ya mtu aliyenong'ona miezi mitatu. "Nikitoka nitaanza kuona nani hayupo. Humu sioni. Nifungie."

Farida alikuwa ameshika soksi. Akageuka kumtazama Bi Tabu, ambaye alikuwa amesogea mpaka koridoni.

"Farida," Bi Tabu akasema pole pole, "mwali haambiwi."

Farida akavua ndala zake, akaingia, akakaa kwenye mkeka, magoti yao yakagusana.

"Uliza," akasema.

"Mzee wa adhana?"

"Alifariki. Ramadhani, kumi la kwanza."

"Mama wa maandazi?"

"Huyo mzima. Kahamia kwa mwanawe Kimara, baada ya mumewe kufariki."

Nusaiba alikuwa anahesabu kwa vidole, akakunja cha tatu.

"Recho alikufa lini?"

"Recho?" Farida akashtuka kabisa. "Recho hajafa, mama. Nani kakwambia? Recho mzima. Ni baba yake. Mzee Ferdinand. Kifua, siku moja tu. Mama yao kawachukua wote wamerudi Masasi."

Mtu angedhani hapo mtoto angefurahi. Rafiki yake mzima. Nusaiba alikaa anafikiria, vidole vikapanda kutafuta nyusi, havikukuta kitu.

"Kwa hiyo kaondoka hajaniaga."

Farida angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua.

"Alikuja," akasema. "Siku wanaondoka. Alikaa hapo barazani kwenye ndoo, saa nzima. Alitaka akuambie mwenyewe kuhusu baba yake. Nilimwambia umelala."

"Mie sikuwa nimelala."

"Najua."

"Nilikuwa nakwaruza."

"Najua, mama. Nilikuwa nasikia."

Bi Tabu koridoni alikuwa ameshika fremu ya mlango. Hakusema shh.

Nusaiba akainuka. Akashika ukuta. Akavaa sketi, ikampwaya, mama yake akatia pini. Akampita mama yake, akampita bibi yake, akatoka uwanjani peke yake mchana kweupe, kichwa wazi, hakuna ngoma, hakuna khanga chini. Sadallah alikuwa anafuta kioo cha bajaji. Kwa mazoea akageuza uso upesi asimwone mwali. Halafu akaurudisha, akamwona, ule uso usio na nyusi, macho mekundu yasiyo na kope. Kitambaa kikamdondoka.

Nusaiba akaruka mfereji. Yaani alitaka kuruka, ila mguu mmoja ukatua majini. Akaenda mpaka mlangoni kwa kina Recho. Kulikuwa na pazia geni, la maua, na sufuria za mtu mwingine zimeanikwa. Mwanamke mmoja kijana akatoka na mtoto mgongoni.

"Karibu. Unamtafuta nani?"

"Hamna mtu. Shikamoo."

"Marahaba. We mtoto wa wapi?"

"Wa hapo." Akaonyesha.

Yule dada akatazama nyumba, akamtazama yeye, akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Hapo? Mie nina mwezi mzima hapa, nakaa mlangoni kutwa na huyu mtoto. Hapo hamna mtoto wa kike. Kuna bibi, na mama, na wa bajaji."

Nusaiba akatazama dirisha la chumba chake, kule ubavuni mwa nyumba. Kutoka upande huu lilikuwa dogo sana, na sasa limebaki nondo tu na wavu uliochanika kwenye kona moja, pale kwenye kucha.

Farida alikuwa amefika nyuma yake na begi la shule. Akamnyooshea begi, Nusaiba akalivaa, mkanda mmoja, kisha wa pili.

"Nikusindikize?"

"Nisindikize. Na uniambie wengine." Alikuwa ameanza kutembea. "Wote. Waliokufa, walioumwa, waliohama. Usiruke mtu."

Farida akafikiria aanze na nani. Akaanza na yule mama wa mitandio, wa meza ya pili, ambaye Nusaiba alikuwa akimwita shangazi. Kilima cha kwenda shule si kirefu, dakika kumi na tano ukienda mwendo wa mtoto mvivu. Walipofika getini, paredi imeshaanza, Farida alikuwa bado hajamaliza.